Jumapili za Mume Wangu

Watu wakiniuliza nilifikaje Ruiru, huwa nasema nilimfuata mume wangu. Ndilo jibu fupi. Ukweli ni kwamba nilitumwa na mama mkwe, na nilitumwa kupeleleza.

Kwetu ni upande wa Kakamega. Tulikuwa watu watatu katika boma moja: mimi, mama mkwe, na mdogo wa mume wangu, kijana aliyekuwa ameshaota ndevu lakini hajaoa. Baba mkwe alifariki kabla sijafika pale. Mume wangu alikaa nami msimu mmoja tu wa mahindi, halafu lori la kuandika watu kazi likaja sokoni, naye akapanda. Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari. Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa kwenye mashamba ya Wazungu, wengine wako kizuizini, wengine wamefungiwa katika vijiji vyenye handaki kuzunguka, na wenye mashamba ya mkonge walitaka watu wa magharibi wajaze nafasi zao. Mume wangu aliandikwa shamba moja lililokuwa kati ya Ruiru na Thika.

Mwanamume akienda hivyo, boma zima linamtazamia. Pesa za mume wangu zilipitia kwa jamaa mmoja wa ukoo wetu aliyefanya kazi kwenye treni. Kila mwezi alifika Kisumu, na akipata nafasi alipita kwao, jirani na kwetu, akamkabidhi mama mkwe. Mimi nilikuwa mke mgeni, na mke mgeni hapokei pesa za boma. Mama mkwe alirudi kutoka kuonana naye, akafungua fundo la leso mbele yangu, na ndani mlikuwa na sarafu za chumvi na mafuta ya taa, basi.

"Unaona?" aliniambia. "Huyu mtoto ameoa huko."

Mwanzo sikuamini. Lakini mwezi wa pili fundo likawa dogo zaidi, na wa tatu hivyo hivyo, nikaanza kuamini bila kujiambia kwamba naamini. Jirani zetu waliezeka mabati. Sisi tulikuwa tunaongeza nyasi palipovuja.

Siku moja mama mkwe aliuza wimbi, akaniletea nauli. "Nenda ukaone kwa macho yako. Usimwulize kitu, mwanamume akiulizwa anajificha. Angalia vyombo. Nyumba ya mwanamume peke yake haina sufuria mbili." Kisha akasema, kwa sauti ya upole ambayo sikuizoea, "Na mtoto pia tunamhitaji. Usiharakishe kurudi."

Nilifurahi kwamba ananijali. Nilikuwa bado msichana.

Treni ilinishusha Ruiru asubuhi. Askari walikuwa wamejaa stesheni, wanapekua mizigo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona watu wazima wamechuchumaa kwa mistari huku mikono iko kichwani. Mimi waliniangalia, wakanisikiliza ninavyosema, wakajua si Mkikuyu, wakanipitisha. Mume wangu alikuwa amesimama nje ya ua. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana kwa haya ya watu ambao hawajaonana muda mrefu, akabeba kikapu changu, tukatembea katikati ya mkonge mpaka kwenye laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mlango kwa mlango. Harufu ya makapi ya mkonge yanayooza ilikuwa kali hata nikaziba pua. Akacheka. "Utazoea," akasema. Ndilo neno pekee la furaha nililolisikia wiki ile nzima.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la mbao, na sufuria. Moja. Niliinua hata gunia lililokuwa pembeni nione kama kuna nyingine chini yake. Nilipogeuka, nikamkuta ananitazama.

"Unatafuta nini?"

"Mahali pa kuweka unga."

Alilisogeza gunia kwa mguu, akalirudisha pembeni. Lakini jioni ile, tukiwa tunakula, alianza kuniuliza maswali yaliyonishangaza. Nguo hiyo niliyovaa niliinunua lini? Nilimwambia ni ile ile niliyoolewa nayo. Je, paa la nyumba limekwisha kuezekwa? Nikadhani ananidhihaki. Nikamjibu kwamba paa linavuja kama linavyovuja siku zote. Aliweka tonge chini, akaniangalia kana kwamba nimemtukana, kisha akatoka nje kuvuta sigara.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mchana yeye alikuwa kwenye mashine ya kukamulia mkonge, akirudi amelowa na ngozi inamwasha kwa ule utomvu. Mimi nilianika singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye nyaya pamoja na wanawake wengine, kwa sababu nyapara hakutaka mwanamke akae bure laini. Jioni tulizungumza maneno ya chumvi na kuni. Akilala, nilipapasa mifuko ya koti lake. Naye, nilikuja kugundua, alipekua kikapu changu nikienda mtoni, kwa maana nilikuta kitambaa changu kimekunjwa kwa namna ambayo sikunji.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni Jumapili. Wanaume wengine walikwenda kanisani, au walikwenda Thika kutazama maduka, au walikaa mlangoni wakinyoana nywele. Mume wangu aliamka kabla ya watu, akachukua gunia tupu, akaondoka. Alirudi jua linapozama, vumbi jeupe kichwani, akaoga bila kunitazama, akalala kama mtu aliyepigwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Kutembea."

"Na gunia?"

"Gunia la kukalia."

Mwanamke wa mlango wa pili, aliyetoka Maragoli na aliyekuwa amekaa pale kunizidi, aliniambia nisimfuatilie. "Miaka hii, mama, usichokijua hakikufungi," akasema. Ningemsikiliza kama angesema kitu kingine. Lakini kauli ile ilinifanya nidhani kwamba laini nzima inajua mambo ya mume wangu ila mimi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji kimoja cha wanawake wa Kikuyu ambao waume zao walikuwa kizuizini. Niliwaona wakipita asubuhi kwenda kazini, askari mbele na askari nyuma. Wengine walikuwa wazuri sana. Kila aliyepita nilimtazama nikijiuliza, je, ni huyu?

Jumapili moja nikamfuata. Nilichemsha viazi vitamu, nikavifunga kwa jani la mgomba, ili nikikutwa niseme nampelekea mume wangu chakula. Nilijiona mwerevu. Nilimwacha atangulie mpaka akawa doa dogo kwenye njia ya kuelekea upande wa Mugutha, nami nikawa nafuata nyuma, nikijificha kwenye mkonge kila alipogeuka. Miiba yake ilinichana miguu. Penye mteremko nikampoteza.

Nikiwa nimesimama pale sijui nishike njia ipi, nikasikia, "Wewe mama! Simama!"

Walikuwa askari wawili wa kulinda vijiji, mmoja ana bunduki, mwingine mkuki. Mwenye bunduki alikuwa mtu mzima. Alinyoosha kidole kwenye furushi langu.

"Hiyo ni nini?"

"Viazi."

"Viazi ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Yuko wapi bwana yako?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimejiingiza wapi. Siku zile mtu aliyekutwa njiani na chakula ilibidi aseme kinakwenda kwa nani, kwa sababu kulikuwa na watu msituni na serikali ilitaka wafe njaa.

"Sijui," nikasema.

Walitazamana. Yule mwenye mkuki akavunja kiazi kimoja katikati, akatazama ndani. "Mama anapelekea bwana yake chakula na hajui bwana yake iko wapi," akasema polepole.

Nilianza kulia. Nilisema yote, kwa Kiswahili changu kibovu cha wakati ule: kwamba natoka mbali, kwamba mume wangu anapotea kila Jumapili, kwamba nadhani ana mwanamke, kwamba nataka nimwone huyo mwanamke. Yule mtu mzima alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani kilichoniokoa ni kwamba hakuna mtu angebuni uongo wa aibu namna hiyo. Lakini hakuniachia.

"Twende tumtafute pamoja," akasema. "Tukikosa, utakwenda kueleza kambini."

Tulitembea, mimi katikati. Katika kijia kilichoshuka bondeni tukasikia nyundo. Ti, ti, ti. Tukatokea juu ya machimbo ya mawe, shimo kubwa jeupe, na chini wanaume wachache wamepiga magoti juani wanachonga mawe ya kujengea. Mmoja alikuwa amekalia gunia lililokunjwa. Niliutambua mgongo wake.

Alipoinua macho akaniona nimesimama juu na bunduki nyuma yangu, nyundo ilimtoka mkononi. Alipanda ule ukingo kwa mikono na miguu. Akaonyesha kipande chake, ile hati ya kazi. Akaeleza kwamba kuna kontrakta anayejenga maduka Thika, anawalipa kwa kila jiwe, Jumapili tu, na nyapara wa shamba hajui.

"Huyu ni bibi yako?" askari akauliza.

"Ndiye."

"Mwambie kazi yako, bwana. Karibu tumfunge bure." Wakachukua viazi viwili, wakaenda zao.

Tukabaki tumesimama. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na vitambaa vilikuwa vyekundu. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini ya hasira.

"Nani amekutuma unifuate?"

"Hakuna."

"Nani?"

"Mama," nikasema. "Alinituma kutoka nyumbani. Alisema umeoa huku. Alisema hutumi kitu."

Mume wangu aliketi pale pale juu ya vumbi. "Situmi kitu? Mimi?" Alinionyesha mikono yote miwili. "Mama ndiye aliyeniletea salamu kwamba pesa hazitoshi. Kwamba unazila. Kwamba unanunua nguo na kulisha ndugu zako. Ndiyo maana nikaanza kuja huku. Nilisema, acha ale, na mimi nitaongeza za bati."

Hatukugombana. Tulikula vile viazi vilivyobaki tukiwa tumekaa ukingoni, na tukaanza kutafuta mwizi. Inashangaza jinsi watu wawili wanavyopatana haraka wakipata mtu wa tatu wa kushuku. Mama yake hatukumtaja. Tulimtaja jamaa wa treni.

Huyo jamaa alikuwa na desturi ya kutupitia treni yake ikilala Thika. Alipokuja, nilimpa chai. Mume wangu akamngoja anywe kidogo.

"Kaka, zile pesa unampa nani?"

"Ninampa mama."

"Mkononi?"

"Mkononi mwake."

"Na kuna mtu anayeona ukimpa?"

Jamaa akaweka kikombe chini. "Unaniuliza hivyo mbele ya bibi yako?" Alikuwa mtu wa makamo, mwenye heshima zake, mzee wa kanisa. "Ukitaka, niko tayari kula kiapo."

Mume wangu aliruka akafunga mlango. "Usiseme neno hilo hapa!" Nyuma ya ukuta wa jirani mazungumzo yalikuwa yamekatika ghafla. Miaka ile, kwa sababu ya viapo vya watu wa msituni, kiapo lilikuwa neno la kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Sote watatu tulikaa kimya, tukisikiliza, mpaka watu wa upande wa pili walipoanza tena kuongea. Jamaa akasimama, akachukua kofia yake. Alituambia kwamba hatabeba tena hata senti yetu moja, na kama tunataka kumjua mwizi twende tukamtafute wenyewe. Chai yake aliiacha nusu.

Baadaye kidogo mume wa yule mwanamke wa Maragoli alikwenda likizo, akarudi na dada yake, na dada huyo alikuwa ameolewa karibu na kwetu. Siku hiyo tulikuwa tunaanika singa. Alinisalimu kwa furaha, akasema, "Hongereni kwa bibi harusi."

"Bibi harusi gani?"

"Wa shemeji yako! Kwani hamkupata habari? Ng'ombe walikuwa wazuri, watu walisimama njiani kutazama. Walitoka kwa mjomba wenu, huko ndiko walikokuwa wakilishwa."

Niliendelea kuanika. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Nilikumbuka ile sauti ya upole: usiharakishe kurudi.

Nilimwambia mume wangu akiwa anavua buti. Alisema haiwezekani. Alisema labda mjomba ametoa ng'ombe wake mwenyewe kwa mapenzi. Alisema mwanamke yule anapenda umbea. Alipomaliza yote hayo alikaa na buti moja mguuni. Jumapili iliyofuata hakwenda machimboni. Alilala, ameelekea ukuta. Mshahara ulipotoka hakutuma kitu, na uliofuata pia, maana hata hapakuwa na mtu wa kumtuma.

Basi mama mkwe akaja mwenyewe.

Nilikwenda kumpokea stesheni. Alishuka na kuku kwapani na kikapu cha unga wa wimbi. Askari mmoja akatia kijiti ndani ya unga wake akiutafuta sijui nini, na mama mkwe akamwambia kwa lugha yetu maneno ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa. Njia nzima aliuliza habari za tumbo langu, kama lina kitu. Sikumjibu. Alipoingia chumbani alikaa kitandani, akalibonyeza godoro la majani kwa kiganja, polepole, mahali hapa na pale, na nikajua kwamba anatafuta pesa. Alidhani tumezificha.

Mume wangu alirudi kazini akamkuta. Alimsalimu kwa adabu, akakaa kwenye sanduku.

"Mama, ng'ombe wa mdogo wangu walitoka wapi?"

Nilifikiri atakataa. Hakukataa.

"Walitoka kwako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuomba ungenipa?"

"Ningekupa."

"Ungemwuliza huyu kwanza." Alinionyesha kwa kidevu bila kunitazama. "Na huyu angetaka mabati. Baba yenu aliacha ng'ombe wa kuolea mke mmoja, wakaenda kwako kwa sababu ulitangulia kuzaliwa. Mwenzako alikosa nini? Aliona wenzake wote wanaoa. Alianza kusema atakwenda Uganda asirudi. Wewe una kazi ya kivulini, kwenye mashine, nikasema kwako pesa haitapungua."

Mume wangu alinyoosha mikono, akamwekea magotini. Majeraha yalikuwa yamekauka lakini kucha mbili hazikuwa zimeota tena, na viganja vilikuwa vigumu kama gome la mti. Mama mkwe alivigeuza. Akauliza ni mashine gani inayofanya hivyo. Nikamwambia mimi, kwa sababu yeye hakuweza: si mashine, ni mawe, ni Jumapili zake zote, kwa ajili ya yale maneno kwamba mimi nazila pesa.

Mama mkwe hakuomba msamaha. Alitoa leso kichwani, akafunga mkono mmoja wa mwanawe, ingawa hapakuwa na damu ya kufunga, akaushikilia hivyo mpaka ugali ukaiva. Mila yetu haimruhusu mama kulala nyumba ya mwanawe, kwa hiyo nilimsindikiza kwa yule jirani wa Maragoli. Mlangoni akaniambia, "Ningekubakiza nyumbani, ungewaona ng'ombe." Ndivyo alivyolieleza, na alilieleza kama jambo la kawaida.

Mume wangu alimwambia asubuhi kwamba mimi sirudi tena kukaa kule, na kwamba atatuma, lakini atatuma vitu: blanketi, sukari, na bati moja moja mpaka nyumba itimie. Mama mkwe alikubali haraka mno. Alipoondoka nilihesabu vijiko.

Kuku alikwenda kwa jamaa wa treni. Mume wangu alimpeleka mwenyewe Thika, akamwomba radhi mbele ya mke wa jamaa, aliyekuwa amekuja kumtembelea. Jamaa alipokea kuku, wakasali pamoja. Lakini miaka yote tuliyokaa pale hakunywa tena chai kwangu. Alikuwa na kiu ya njiani, unamwona, na anasema ameshashiba. Hilo liliniuma kuliko ng'ombe.

Nilipata kipande cha ardhi kando ya mto, ambapo mkonge haukupandwa, nikalima mboga nikiwauzia watu wa laini. Nilipojifungua mtoto wa kwanza tulikwenda nyumbani kumwonyesha. Nyumba ilikuwa imeezekwa upande mmoja bati, upande mwingine bado nyasi. Mke wa shemeji alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho ya kuangalia kila kitu. Aliangalia kikapu changu nilipokiweka chini, akaangalia nguo ya mtoto, akaangalia viatu vyangu. Jioni alinifuata jikoni.

"Dada," akasema, "mama anasema mnapata nyingi huko Thika, na mnatuficha. Ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, anapeta wimbi, na ungo ukanyamaza. Nilimvuta yule msichana akae karibu nami mekoni, nikamwambia mshahara wa mume wangu ulikuwa kiasi gani, na posho, na mboga zangu, na bei ya bati pale Ruiru, kwa sauti ya kutosha mtu aliye mlangoni kusikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa.

Sijui kama aliniamini.